Ukifika Mbezi, Usiseme Umefika

Mgeni akinipigia simu kwamba ameshafika Mbezi, sihangaiki kubandika chai. Namuuliza kwanza: Mbezi ipi? Dar es Salaam ina Mbezi ya Luis, Barabara ya Morogoro, ambako mabasi ya mikoani yanashushia abiria tangu mwaka 2021, yalipohamishiwa Stendi ya Magufuli kutoka Ubungo. Halafu iko Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, ninakokaa mimi. Katikati pana Goba nzima na vilima vyake. Shemeji yangu wa Songea nilimwelekeza vizuri tu: ukishuka, tafuta gari la kupitia Goba, uteremke Tangi Bovu. Yeye akaona nauli ya nini, kama ni Mbezi si keshafika? Akatoka stendi kwa miguu, debe la ulezi begani, akimuuliza kila mwenye duka lilipo tangi bovu. Watu wa Mbezi ya Luis ni wakarimu. Walimwonyesha matangi kadhaa, na kwenye la mwisho mwenye nyumba alitoka amefura, anataka kujua nani kasema tangi lake bovu.

Hapa mjini jina la mahali halitoshi mpaka liwe na ubini. Mbagala uitaje na Rangi Tatu au Kizuiani. Sinza useme Makaburini, Kumekucha au Kwa Remmy. Buguruni ni Sheli au Kwa Mnyamani. Mtu akikwambia anakaa Tabata, kisha akanyamaza, jua hataki umtembelee. Na kuna mahali pamoja penye majina mawili yasiyojuana: stendi ya Mawasiliano ndiyo hiyo hiyo Simu 2000. Shangazi yangu alikaa kituoni tangu asubuhi akisubiri gari la Mawasiliano, huku ya Simu 2000 yakimpita mfululizo, makonda wakimbembeleza apande, naye akiwajibu kwa heshima zote kwamba simu anayo.

Mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 tuliambiwa yatafupisha safari. Yamefupisha kweli: kutoka Kimara hadi Kivukoni unapita Korogwe, Argentina na Kagera kwa nauli moja. Mama mdogo alikuwa ametoka Bukoba, kiuno kinamuuma kwa basi la siku nzima, na mimi nampeleka mjini akaione bahari. Mlango ukafunguka, akasoma ubao wa kituo: KAGERA. Akakamata mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mnanirudisha kufanya nini?" akauliza, na gari zima likasikia.

Abiria wa pembeni, bila kutoa macho kwenye simu yake, akamjibu, "Tulia mama, Argentina umeshaipita."

Mvua kubwa ikinyesha hata ziara hiyo hakuna. Mto Msimbazi unafurika pale Jangwani, barabara inafungwa, na mji unaujua kwa miguu yako mwenyewe.

Ila mgeni anapimwa jioni. Ikishafika saa kumi na moja, pale Kariakoo na Posta, daladala likisimama watu wanaingilia mlangoni na madirishani kwa pamoja, na konda anaendelea kuapa kwamba siti zipo. Siti zipo, ndiyo, zimekaliwa. Wajanja wanageuza nalo. Gari linakuja kutoka kule kule unakotaka kwenda, wewe unalidandia vituo viwili vitatu kabla halijafika mwisho wa safari, unalipa nauli ya ziada, na likigeuza unakuta umeshatulia dirishani, kiwiko nje, unawatazama wenzako wakigombania mlango. Sijui starehe nyingine ya bei ndogo kama hiyo katika mji huu.

Mjomba nilimfundisha mbinu hii naye akaielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Akadandia la Mbagala, akalipa, akachagua siti ya dirishani. Gari likafika mwisho, likashusha, halafu badala ya kugeuza likaingia sheli, na kutoka sheli likaingia gereji. Konda akafunga hesabu zake, akamgeukia: "Mzee, leo hatugeuzi. Gari linalala." Mjomba akasema yeye kalipa na risiti yake ni hiyo siti. Wakambembeleza, akakaa. Wakazima taa, akakaa. Tairi la nyuma lilifunguliwa yeye yumo ndani, ananyanyuliwa na jeki taratibu, mkono mmoja ameshika bomba, mwingine ananipigia simu kunipa habari kwamba wanageuza. Kwa hiyo muulize konda kabla ya kutoa hela: mnageuza? Akikujibu "panda tu," usipande.

Kariakoo ningekushauri uende umefumba macho, kama ingewezekana. Jicho lako likitua kwenye bidhaa kwa muda wa kupepesa tu, umeshapata mwenyeji. Kuna vijana wanaitwa mawinga. Winga hana duka wala mzigo, ana mdomo, miguu myepesi, na kichwani anajua kila chumba cha kila ghorofa kinauza nini. Mwambie unatafuta sufuria, atakupandisha ngazi, akushushe nyingine, akupitishe kwenye kichochoro cha mabegi, na ukifika kwenye sufuria utakuta bei imeshawekewa cha juu chake. Wameelewana lini na muuzaji? Hutaona. Nimewakazia macho miaka yote hii sijaona hata kope ikicheza.

Wifi yangu alitaka viatu. Winga akamletea kimoja, cha kushoto, kikamkaa vizuri kabisa.

"Na mwenzake?"

"Mwenzake anakuja, dada'angu."

Wifi akasubiri, mguu mmoja ndani ya kiatu kipya na mwingine juu ya boksi. Mtu aliyesimama Mtaa wa Kongo na mguu mmoja hawezi kukimbia, na wauza vitu wanalijua hilo. Mpaka mwenzake anakuja, wifi alikuwa ameshanunua pazia, deki na mkanda wa mume ambaye bado hajaolewa naye. Kiatu kilipofika, nacho kikawa cha kushoto. Winga akakitazama, akautazama mguu, akasema kwa sauti ya daktari kwamba ukishavaa wiki moja kitajipinda chenyewe.

Kuhusu bei, ukitajiwa, taja nusu yake kwa upole, kisha ondoka kwa mwendo wa bibi harusi. Ukiondoka mbio hawakuiti.

Upole huo uubebe mpaka kwa mama ntilie. Rafiki yangu wa Nairobi, mtu mwema kabisa, aliketi kwenye benchi akatamka kwa sauti ya kueleweka, "Nipe chai na chapati mbili." Mama ntilie hakugombana naye. Alimpita na sinia, akawahudumia waliokuja nyuma yake, akarudi, akampita tena. Nikamnong'oneza rafiki yangu kwamba huku chai inaombwa hata kama unailipia. Aliposema "samahani mama, naomba chai," ikaja na chapati tatu, na pole juu, kwa jinsi alivyokuwa amesubiri.

Sasa njia. Dar watu hawakatai kukuelekeza, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu hata asiyejua hatakuacha uende mikono mitupu. Utaambiwa ushuke palipokuwa na mwembe, ukate kushoto kwenye baa ile iliyofungwa, unyooshe, ni hapo tu mbele. Hapo tu mbele panaweza kukutoa jasho la kuloanisha mkanda. Ndiyo maana mimi mgeni simwelekezi tena. Namwambia maneno matatu: mpe simu bodaboda.

Binamu yangu wa Tabora alifanya hivyo hivyo. Nikamweleza kijana: kona ya pili baada ya duka la dawa, geti la bluu. Nilipofika kwenye neno "duka" alikuwa ameshasema "napajua, dada." Sijawahi kukutana na bodaboda asiyepajua mahali kabla hujamaliza kupataja. Nikabandika wali, nikasubiri. Wali ukaiva, ukapoa. Saa nzima baadaye simu ikaita.

"Nimeshafika zamani, nimekula, nimeshiba," binamu akasema. "Watu wako wakarimu mno. Ila wewe mwenyewe mbona sikuoni?"

Nikatoka na kanga yangu begani kupita geti la bluu baada ya geti la bluu. Mtaa wetu unapenda sana rangi hiyo. Nikamkuta kwenye uwanja wa nyumba nisiyoijua, katikati ya viti vya plastiki, sahani ya pilau imebaki mifupa. Kilikuwa kikao cha harusi. Upande wa bwana harusi walidhani ametumwa na upande wa bibi harusi, na upande wa bibi harusi walidhani vivyo hivyo kinyume chake, na katika hali hiyo hakuna anayeuliza, kila mmoja anakuongezea nyama. Mwenyekiti alikuwa anasoma orodha ya ahadi za michango. Jina la binamu lilikuwamo, laki moja, na kwenye kamati ya vinywaji walikuwa wamemfanya katibu.

"Ningekataaje," akaniambia njiani, "nimeshakula?"

Yeye amesharudi Tabora. Namba ya simu aliyowaachia ni yangu, na mweka hazina ananitumia ujumbe wa kukumbushia kila Jumatatu, kwa adabu, akiniita mwanakamati. Juzi kadi imeletwa. Ni ya watu wawili, na sare ni ya zambarau, ambayo sina.