Sifa za Mweleka wa Taratibu

Watu husifu injini, mwendo na rangi ya tangi. Hakuna anayeusifu mweleka wa taratibu, ule wa pikipiki inayolala ikiwa karibu imesimama, dereva kashika klachi, kijiwe kizima kikitazama. Dhuluma hiyo inafaa irekebishwe, na pa kuanzia ni Ngara na Biharamulo. Huko mweleka umepewa kila unachohitaji: vilima, udongo mwekundu unaoteleza, mvua za vuli na za masika, na mikungu ya ndizi iliyofungwa ikaelemea upande mmoja.

Kwanza, ni mpole. Nishati ya chombo hukua kwa mraba wa mwendo wake, hivyo pikipiki iliyo kwenye kilomita 60 kwa saa hubeba mara 36 ya ile iliyo kwenye kilomita 10. Kwenye lami ya Lusahunga hadi Rusumo, inakopita foleni ya malori ya kwenda Rwanda, kuanguka hakuna mzaha. Mweleka wa taratibu huchagua njia za pembeni: kona ya kugeuzia Nyakahura, au mteremko wenye tope wa Rulenge. Hapo huchukua kioo, indiketa, mkono wa klachi na heshima ya dereva. Roho huiacha.

Pili, haubagui. Humwangusha kijana wa Boxer ya mkataba anayewaza hesabu ya tajiri, na humwangusha mtendaji wa kata aliyetoka kuhimiza usalama barabarani. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, nayo huisoma haraka kuliko askari yeyote: sheria inaruhusu abiria mmoja, na mtu wa tatu akijitikisa tu kwenye tope, hukumu imekwisha kutoka.

Tatu, hufundisha bila ada. Anayebana breki ya mbele huku usukani umekunjwa hulala papo hapo. Anayeshusha mguu bila kutazama hukuta shimo. Anayeegesha kwenye udongo laini bila kuweka jiwe bapa chini ya stendi hurudi akakuta chombo kimelala. Na anayetaka kuzuia kwa mguu kitu chenye uzito wa zaidi ya kilo 100 hujifunza, kwa maumivu, kwamba mkono wa klachi hununuliwa dukani na mfupa haununuliwi.

Nne, huwalisha mafundi. Mchomeleaji anayeunga bampa anajua nani wa kumshukuru. Bampa nene iliyofungwa imara hutangulia kugusa ardhi, injini ikabaki salama. Wajanja huviringisha mpira wa tyubu kuukuu kwenye ncha zake. Tena hawakazi kupita kiasi kibano cha mkono wa klachi: kikiwa na nafasi kidogo, mkono huzunguka kwenye usukani badala ya kukatika.

Hata kuinua kuna adabu yake. Zima injini, ingiza gia ili magurudumu yasibiringike, na kama imelalia kulia, toa stendi kabisa kabla ya kuinua. Kisha geuza mgongo, kalia kiti kwa makalio, shika usukani na fremu, sukuma kwa miguu, si kwa kiuno. Mashabiki wa kijiwe wakija kusaidia, wapokelewe. Kicheko chao ndicho nauli.

Pikipiki ikishasimama, isiwashwe kwa hasira. Kabureta humwaga petroli pikipiki ikilala, na oili huweza kupanda hadi kwenye chujio la hewa. Isubiriwe dakika chache, ikaguliwe breki na usukani, ndipo ipigwe kiki.

Basi kabla ya vuli ijayo, kila bodaboda wa Ngara na Biharamulo akaguze bampa yake, aweke mkono wa klachi wa akiba chini ya kiti, na avae kofia ngumu hata akiwa anavuka mtaa mmoja tu.