Hongera kwa Chipu Mpya

Basi hongera, fundi: kiendeshi cha kidhibiti cha vikatizo kimepata chipu mpya. Maelezo ya kiraka chako yanasema tu kwamba umeongeza chipu. Ahsante, tulidhani umeipunguza.

Msimbo ni nakala ya faili jirani, majina yamevalishwa kanzu nyingine. Kwenye GIC, kidhibiti cha vikatizo cha Arm, vikatizo vya vifaa vya pamoja huanzia namba 32. 0 hadi 31 ni mali ya kila kiini. Wewe umeanza na 0. Sawa, labda chipu yako haina ubinafsi.

Kwenye PLIC, kidhibiti cha RISC-V, ombi jipya la chanzo kilekile halipiti mpaka la kwanza litangazwe kukamilika. Mshtuko wa ukingo ukiingia katikati, baadhi ya chipu huutupa, na kadi ya mtandao hukaa kimya huku mteja akilaumu waya. Tumeuliza yako hufanyaje. Umejibu kwamba kwenye meza yako inawaka.

Hata hivyo usikate tamaa. Wakaguzi wenzangu hilo hawajaligusa. Bado wanabishana, kwa heshima kubwa, kuhusu nafasi iliyozidi kabla ya mabano.