Muulize Shangazi: Babu wa Kaptula

Shangazi, kwetu Tanga, ila sasa naishi Düsseldorf na familia. AC/DC nimewapenda tangu utotoni, kwa kaseti ya Back in Black ya mjomba wangu, lakini sijawahi kuwaona jukwaani. Sasa nimepata tiketi ya kusimama. Ila watu wenyewe wamezeeka, wengine wamekufa. Naogopa kwenda kuharibu mapenzi ya miaka yote. Niende, au nibaki na kaseti yangu?
Mwenye Kaseti

Mwanangu, umefika kwa mwenyewe. Wengine wangekwambia "fuata moyo wako," ushauri ambao hata mpiga ramli wa stendi angeona haya kuutoza pesa. Mimi nimesuluhisha ndoa, nimegawa mirathi, na nimemaliza ugomvi wa majirani juu ya mwembe, mpaka mwembe wenyewe ukazaa nje ya msimu kwa furaha. Bendi ya watu watano itanishinda?

Siku zote mimi huanza na ukoo. Angus Young, mpiga gitaa, alizaliwa Glasgow mwaka 1955. Wazazi wakahamia Australia, na mwaka 1973 yeye na kaka yake Malcolm wakaanzisha bendi mjini Sydney. Jina walilitoa wapi? Dada yao Margaret aliliona kwenye cherehani. Na ile sare ya shule anayovaa Angus jukwaani? Margaret huyohuyo! Alikuwa akimwona mdogo wake akitoka shule anarukia gitaa bila hata kubadili nguo, akamwambia hiyo ndiyo ivae. Malcolm alipougua maradhi ya kusahau, mwaka 2014 nafasi yake ikachukuliwa na Stevie, mtoto wa kaka yao mkubwa. Sasa hesabu nami taratibu. Stevie ni mtoto wa kaka. Margaret ni dada ya baba yake. Kwa hiyo Margaret ni nani kwa Stevie?

Shangazi yake!

Pumzika kidogo likuingie. Moja ya bendi zenye kelele kubwa kuliko zote duniani ilivishwa na shangazi, kuanzia jina mpaka kaptula. Halafu mhariri wangu ananiuliza kwa nini safu hii isipunguzwe iwe nusu ukurasa.

Tuje kwenye uzee wao, jambo ambalo umelitaja kwa adabu ndogo ukijua unazungumza na nani. Angus kavuka sabini, bado yumo ndani ya kaptula na tai, anarukaruka kwa mguu mmoja kwa mtindo aliouiga kwa Chuck Berry. Ningekuwa mwalimu wake ningeshamwita mzazi. Mwimbaji Brian Johnson, yule wa kofia, ni wa mwaka 1947. Mwaka 2016 madaktari walimwambia apumzike la sivyo atakuwa kiziwi kabisa, akashikiwa nafasi na Axl Rose wa Guns N' Roses. Axl naye akawa kavunjika mguu, akaimba amekaa kwenye kiti. Dunia ikashangaa! Sisi wa taarabu tulicheka, maana kwetu watu wamekaa vitini tangu enzi za masultani na wasikilizaji bado wanazimia.

Wengine wamekufa, unasema. Mwanangu, hiyo kaseti ya mjomba uliisikiliza au uliitazama tu? Bon Scott, mwimbaji wao wa kabla, alifariki Februari 19, 1980. Wenzake nusura waiache kazi. Wakampata Johnson kutoka kaskazini mwa Uingereza, wakaenda kurekodi Bahamas, na Julai ya mwaka huohuo Back in Black ikatoka. Unadhani jalada lile ni jeusi kwa sababu wino mwingine ulikuwa umekwisha? Ni la msiba. Ile kengele inayofungua wimbo wa kwanza ilisubiwa Loughborough, Uingereza, uzito wake kama tani moja, na Johnson alikuwa akiipiga kwa nyundo jukwaani. Kwa hiyo kitu ulichokipenda tangu mwanzo kilikuwa bendi iliyofiwa na ikaendelea. Leo unaogopa kuwakuta wamepungua? Uliwapokea wakiwa wamepungua tayari!

Sasa dawa. Kwa kuwa tiketi yako ni ya kusimama, anza mazoezi leo. Simama jikoni saa tatu mfululizo umevaa koti la mvua, huku watoto wanakusukuma kutoka pande zote na mke wako anakumwagia bia ya uvuguvugu mgongoni. Kama nyumba yako haina bia, chai ya rangi inatosha. Mwishoni apige sinia nyuma ya kisogo chako bila kukuonya. Hiyo ni ya mizinga, maana wao hufunga onyesho kwa mizinga. Wazo waliokota mwaka 1981 wakiwa mazoezini, harusi ya Charles na Diana inarushwa kwenye runinga, mizinga inanguruma. Mimi kwenye harusi huokota mapishi, lakini kila mtu na fungu lake.

Usiende na noti za kutuza. Najua mkono utakuwasha, ni damu ya pwani. Lakini mbele ya jukwaa kuna uzio wa chuma na mabaunsa, na hakuna hata mmoja atakayekuelewa ukimwambia unataka kumbandika babu wa kaptula yuro tano kwenye paji la uso.

Ukijikuta nyuma, mita 100 hivi kutoka jukwaani, utamwona mpiga ngoma anashusha fimbo na mlio unachelewa karibu theluthi ya sekunde. Si uzee wao huo, ni mwendo wa sauti hewani. Ndiyo sababu mafundi husimamisha spika nyingine katikati ya uwanja na kuzichelewesha makusudi, zilingane na zile za mbele. Mtaani kwetu ni kinyume: habari hufika kabla ya tukio, na mara nyingi imepitia kwangu.

Na masikio! Shirika la Afya Duniani linataka sauti ya kumbini isizidi wastani wa desibeli 100. Nunua viziba masikio vya sponji. Kiviringishe kwa vidole kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie mpaka kivimbe. Nyimbo utazisikia zote. Utakachokikosa ni ule mlio wa mbu kichwani siku ya pili.

Nilitaka kukueleza pia namna nilivyowahi kumnyamazisha mpiga kinanda kwa jicho moja tu, lakini mhariri ananipungia mkono. Haya, kwa haraka: nenda. Kaseti haitazeeka bila wewe, wao watazeeka. Mke wako mchukue, kama tiketi zipo, awe shahidi. Mlangoni watakuuzia pembe nyekundu zinazowaka taa. Zivae, na mama yako akiona picha mwambie ni agizo la Shangazi.

Fulana yangu iwe saizi kubwa, nyeusi, na risiti usiitupe.