Elimu ya Mbwa Katika Milima ya Upare

Katika wilaya ya Same, kuanzia mjini penye joto na vumbi kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha hadi vijiji vya milimani kama Suji, Mbaga na Chome ambako ukungu huchelewa kuinuka, mbwa anayeonekana zaidi ni yule aitwaye wa kienyeji, yaani mbwa asiye na ukoo ulioandikwa popote, mwenye kazi tatu ambazo hakuna aliyemkabidhi kwa maandishi: kulinda nyumba usiku, kufukuza ngedere na nyani shambani, na kumaliza makombo. Husemwa mara kwa mara kwamba mbwa wa namna hii hajafundishwa. Dai hilo halina msingi. Mbwa huyo hufundishwa tangu alfajiri hadi usiku wa manane na baba, mama, bibi, watoto, wageni na majirani, kila mmoja kwa mtaala wake, na matokeo yake ni kwamba anayajua barabara mambo ambayo hakuna aliyekusudia kumfundisha.

Tatizo la kwanza ni lugha. Bibi humsemesha kwa Kipare, ambacho wenyewe hukiita Chasu, watoto kwa Kiswahili, na baba, hasa panapokuwa na wageni, kwa Kiingereza, kwa imani iliyoenea kwamba mbwa anayeamriwa kwa lugha hiyo huonekana wa bei. Amri ya kukaa chini huwa na maneno matatu yasiyofanana, na mbwa, kwa busara yake, husubiri wahusika wakubaliane kwanza. Kanuni ya mafunzo ni kwamba amri moja iwe na neno moja fupi, litamkwe na watu wote kwa namna ileile, tena mara moja tu, kwa kuwa amri inayorudiwa mara sita humfundisha mbwa kwamba utekelezaji huanza baada ya mara ya sita. Jina nalo lina shida zake. Simba, Tomi na Popi ni majina mazuri kwa sababu ni mafupi na husikika mbali. Lakini wako wenye nyumba wanaotumia jina la mbwa kumpelekea jirani salamu, wakamwita Wivu, Mtajuta au Hayawahusu, na matokeo yake, jina likipigiwa kelele usiku, jirani hutoka nje upesi kuliko mbwa.

Tatizo la pili ni malipo. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa umeng'enyaji wa chakula, aligundua kwamba mbwa huanza kudondokwa na mate kabla ya kuona chakula, almuradi asikie sauti aliyozoea kuisikia kabla ya kulishwa. Upareni sauti hiyo ni ya mwiko unaokwangua ukoko wa sufuria, na mbwa aliyelala usingizi mzito nyuma ya zizi huisikia hata mvua ikinyesha. Juu ya ugunduzi wa aina hiyo wataalamu wa tabia wamejenga dhana ya uimarishaji, ambayo maana yake ni kwamba tendo linalofuatiwa mara moja na jambo la kupendeza hurudiwa. Mama anayesumbuliwa na mbwa abwekaye wakati wa chakula, akamtupia konzi ya makande ili anyamaze, huamini kwamba amenunua ukimya. Mbwa huamini kwamba amelipwa mshahara wa kubweka, na kesho huingia kazini mapema. Waswahili walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi, na mkufunzi wa mbwa hana la kuongeza hapo isipokuwa kwamba mkono huo utoe wakati mbwa amenyamaza, tena ndani ya sekunde moja au mbili, kwa sababu malipo yanayochelewa hulipa tendo jingine kabisa. Dagaa mmoja anatosha. Makande yenyewe, kama yameungwa kwa kitunguu, hayafai, maana kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali ambavyo vinaweza kutoboa utumbo.

Kuhusu mtoto wa mbwa, jambo linalopuuzwa kuliko yote ni umri. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na nne tangu kuzaliwa kuna kipindi cha kuzoea, ambapo mtoto huyo huyapokea kama mambo ya kawaida yale yote anayokutana nayo, wawe watoto wa shule, pikipiki, kuku au mzee mwenye fimbo na kofia. Asiyekutana navyo wakati huo huweza kuviogopa maisha yake yote na kuvibwekea kwa bidii. Inashauriwa abaki na mama yake hadi afikishe wiki nane hivi, kwani kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kwamba meno huumiza. Meno hayo ya utotoni huwa 28, nayo hung'oka ili kupisha 42 ya utu uzima kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na fizi zikimwasha hutafuna kilicho karibu, ambacho kwa sababu zisizoelezeka huwa ni kandambili ya mguu mmoja tu. Nyumba nyingi za milimani zimejengwa kwenye mteremko, hivyo kandambili ikishatolewa nje ya ua huwa imeanza safari ya bondeni, na mwenye kandambili anayeifukuzia huku akipiga kelele humfurahisha sana mtoto wa mbwa, ambaye hajawahi kuona mchezo mtamu kama huo. Kinachofaa ni kumpa kitu kingine cha kutafuna, na viatu viwekwe juu. Vivyo hivyo kwa haja ndogo: atolewe nje kila aamkapo, alapo na amalizapo kucheza, asifiwe akimaliza, wala asisuguliwe pua kwenye uchafu wake, kwani somo pekee analolipata hapo ni kwamba siku nyingine aende nyuma ya kochi.

Mada ya hatia inahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa huvunja ujirani. Utani wa makabila, ambao Wapare huubeba kwa uvumilivu hasa unapotoka kwa Wachaga, hudai kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani huo umetiwa chumvi, lakini kesi ya kuku ipo, na mwenendo wake haubadiliki. Jirani husimama uani akiwa ameshika manyoya mawili ya mtetea, mbwa huitwa, mwenye mbwa humwonyesha manyoya na kumuuliza kwa ukali kama anayatambua, mbwa hulaza masikio, hufyata mkia, hulamba midomo na kutazama pembeni, na wote waliohudhuria, pamoja na watoto waliopanda juu ya ukuta, hutamka kwa kauli moja kwamba amekiri. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sura hiyo hutokana na kukaripiwa wala haitokani na kosa, kwani hata mbwa ambao hawakugusa chakula walichokatazwa waliiweka walipokemewa. Sura ya mbwa, kwa hiyo, ni ombi la amani linalotolewa na mnyama aliyeona watu wamekasirika, na haifai kupokelewa kama ushahidi katika baraza lolote la kata. Kicheche na mwewe, ambao hawakuitwa shaurini, huendelea na shughuli zao. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba mbwa anayepigwa saa nzima baada ya tukio hukiunganisha kipigo na jambo la mwisho alilofanya, nalo lilikuwa ni kuitikia wito. Tangu siku hiyo akiitwa huenda upande wa pili.

Ipo methali isemayo kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini, na Upareni methali hiyo ina uwanja mpana, kwa kuwa familia moja inaweza kuwa na Waislamu wanaoswali Ijumaa, Waadventista Wasabato, ambao misheni yao ilifika milimani humo mwaka 1903, wanaoabudu Jumamosi, na Walutheri wanaoabudu Jumapili. Mbwa anayependa watu wake wote kwa usawa huwa na wiki yenye shughuli nyingi. Dawa yake ni kumfundisha kubaki, kwa kuanza na hatua chache kutoka mlangoni na kuongeza umbali kidogo kidogo.

Somo gumu kuliko yote hutolewa siku ya chanjo. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa kwa mate, hasa kwa kuumwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu daima huua. Aliyeumwa hupaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa shemeji. Ili kuuzuia inapasa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Wilaya hii ina sababu nyingine ya kulitilia maanani suala la magonjwa ya mbwa: ndani ya hifadhi ya wanyamapori ya Mkomazi, mnamo Desemba 2000, ugonjwa wa distempa, ambao pia huwapata mbwa wa kufugwa, uliingia katika kundi la mbwa mwitu waliokuwa wakizalishwa humo ili kunusuru aina yao, na katika miezi miwili ukaua 49 kati ya 52. Ni ugonjwa uleule ulioua takriban theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994.

Uzito huo wote, hata hivyo, humfikia mbwa kwa umbo la kamba ya katani. Mbwa ambaye hajafungwa kamba tangu kuzaliwa hukokotwa hadi kwenye uwanja wa kijiji, ambako hukutana kwa mara ya kwanza na mbwa wa vitongoji vyote, wao pia wakiwa wamekokotwa na wana maoni. Wengine huletwa ndani ya viroba, vichwa vikiwa nje. Mmoja hujinyofoa na kuzunguka miguu ya bwana mifugo hadi kamba ikamfunga yeye badala ya mbwa. Wivu na Mtajuta hupigana, na wenye nao huanza kukumbushana mambo ya mpaka wa shamba. Sindano yenyewe huchukua sekunde chache. Ushauri wa kitaalamu ni kwamba mbwa avishwe kamba siku za kawaida pia, akiwa nyumbani, kwa dakika chache, huku akipewa dagaa, ili kamba isiwe na maana moja tu. Ushauri huo hupokelewa kwa kutikisa vichwa, cheti cha chanjo huchomekwa juu ya kenchi, na kamba ikifika nyumbani hufungiwa mbuzi.