Chumba cha mama

Jumatatu. Fundi kafika na koleo, tayari kuchimba msingi wa chumba cha mama huku uani. Kibali ninacho. Akauliza, "Mkaguzi wako nani?" Nikamwambia nilidhani atamleta yeye. Akatikisa kichwa. Hapa New South Wales mjenzi haruhusiwi kumchagua atakayemkagua. Anayemteua ni mwenye nyumba. Karudi kwake.

Jumanne. Simu tatu. Wa kwanza yuko likizo, wa pili amejaa kazi, wa tatu kakubali. Chai imemwagikia mkataba, nikauchapisha upya na safari hii nikausoma wote. Atakagua kabla ya kumwaga zege, kabla ya kufunika mbao za kuta, kabla ya vigae vya bafuni kuficha kinga ya maji, kisha mwisho kabisa. Nimetia saini.

Jumatano. Taarifa ya kuanza kazi hutangulia siku 2, na yangu imekwenda leo. Kijiko cha kuchimbia kimesogezwa hadi Jumatatu.

Kaka kapiga simu toka Tanga. "Mdogo wangu, hata shimo lina karatasi?" Nikamsimulia Opal Tower, ghorofa jipya la hapa Sydney lililopata nyufa tarehe 24 Desemba 2018, watu wakatolewa mkesha wa Krismasi. Mwaka uliofuata ikawa Mascot Towers. Kaka kanyamaza kidogo. "Na sisi ghorofa lililoanguka Kariakoo, Novemba 2024," akasema. "Basi ngoja."

Jumatatu. Upepo umeangusha kibao chenye jina na simu ya mkaguzi. Nimekifunga getini kwa waya, kionekane kutoka barabarani.

Alhamisi. Mkaguzi kapiga magoti kwenye mtaro, akapitisha vidole chini ya nondo. Pembe ya kaskazini havikupita: nondo zimelala juu ya udongo, zege lisingezizunguka, na unyevu ungezitia kutu. Lori la zege lilikuwa la saa nane. Nimelighairi, faini nimelipa. Fundi kanuna, nami simlaumu. Lakini zege likishakauka nani angeiona pembe ile?

Ijumaa. Nondo zimeinuliwa juu ya vitofali vidogo. Mkaguzi karudi, vidole vimepita, kaandika.

Jumamosi. Zege limemwagwa. Mama kauliza kitanda chake kitakaa upande gani. Nimemwonyesha pembe ya kaskazini.