Naam? Maelekezo kwa Mzee Anayeanza Kutosikia

Ukiona umeanza kulalamika kwamba watu wa siku hizi wanamung'unya maneno, jua safari imeanza. Dalili ya pili ni ugomvi wa sauti ya televisheni, ambao kwa kawaida huanzishwa na jirani. Ya tatu ni mlio: mwembamba, hauna mwanzo wala mwisho, na utautafuta uani, chini ya kitanda na nyuma ya friji ukidhani ni nyenje kaingia ndani. Utamwita fundi. Fundi atainamisha kichwa asikilize, atakutazama usoni, halafu atauliza kwa adabu, "Mzee, una miaka mingapi vile?"

Usione haya. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango cha kuwasumbua maishani. Kwa hiyo kwenye baraza la wazee wanne, pana mmoja anayecheka vichekesho asivyovisikia. Ukiwatazama wenzio watatu ukaona wote wanasikia vizuri, basi ni wewe.

Jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba unasengenywa. Sikio likilia, kuna mtu anakutaja. Wengine watakuambia umswalie Mtume, na hilo ni jema, mswalie. Lakini mlio ukimaliza mwezi bila kupumzika, piga hesabu. Ingebidi wilaya nzima iache kulima na kuvua ili ikuseme wewe, nawe, tusidanganyane, hujawa mtu mkubwa kiasi hicho.

Ukweli ni kwamba ndani kabisa ya sikio kuna kijumba cha mfupa kilichojiviringisha, na humo mna chembe zenye vinywele, takriban 15,000 kila upande. Zinapokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa umeme wa kupeleka ubongoni. Ni zile ulizozaliwa nazo, zikifa hazioti. Za kuku huota upya, jambo lililogunduliwa miaka ya 1980, na tangu nilijue simtazami jogoo bila wivu. Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba. Ubongo, ukikosa habari kutoka upande huo, haukubali kukaa bure. Unajiongezea usikivu, unaongeza tena, mpaka unaanza kusikia shughuli zake wenyewe. Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu mlio. Nyenje ni wewe.

Nani kaziua hizo chembe? Umri, lakini umri husingiziwa mengi. Kama uliwahi kusimama kwenye korona ya mkonge, kwenye mashine ya kusaga au karakana ya reli, au ulipiga gitaa la bendi ya dansi miaka yote hiyo ukiipa spika kisogo, umri ulipata wasaidizi. Kanuni wanayoitumia wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100 unabakiwa na dakika 15. Sijapata kusikia kigodoro cha mtaani kilichokwisha kwa dakika 15.

Halafu kuna dawa. Waliougua malaria enzi za kwinini hawahitaji kuelezwa habari za mlio: upo kitandani, dripu inashuka, masikio yanavuma, na sauti ya muuguzi inatoka mbali ingawa yeye kakuinamia. Ule ulikuwa mwonjo tu, na kwa wengi ulikwisha dozi ilipokwisha. Sindano za streptomaisini na kanamaisini walizochomwa wagonjwa wa kifua kikuu, na hata jentamaisini, hazina huruma hiyo: zikiharibu sikio, zimeharibu. Ukiandikiwa dawa yoyote, mwambie daktari kwamba masikio yako tayari yanalia. Usiiache dawa kimyakimya, maana ugonjwa wenyewe utakuzika na masikio yako mazuri.

Tiba za mtaani zitakujia bila kuziita. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, mafuta ya habasoda, kitunguu saumu kilichokamuliwa, na kutoka kwa yule mjomba ambaye kila ukoo unaye, njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba. Njiti ndiyo mbaya kuliko zote, kwani nta iliyokuwa ikitoka yenyewe inarudishwa ndani na kushindiliwa. Ingawa, kwa kweli, kuambiwa una nta iliyoziba ndiyo habari njema pekee katika shughuli hii. Inatolewa, na ukitoka kliniki unasikia kandambili zako mwenyewe zikipiga sakafu. Basi aangalie kwanza mtu mwenye taa na utaalamu, kabla hujamimina chochote. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, mafuta yatafika yasikotakiwa.

Na hapa sitanii. Sikio likizima ghafla, jana linasikia na leo asubuhi halisikii, usimsubiri mjomba wala usingoje wiki ipite. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa yake ina nafasi ya kusaidia siku za mwanzo tu. Mlio unaodunda pamoja na moyo nao si wa kukaa nao nyumbani, wala ule wa upande mmoja peke yake, wala unaokuja na kizunguzungu au usaha.

Sasa tuje kwenye hatari kubwa kuliko zote, ambayo haimo sikioni. Ni adabu zetu.

Salamu za Kiswahili zinamficha asiyesikia kwa ustadi wa ajabu. Umekutana na kijana njiani. Mdomo wake umefunguka: hiyo ni shikamoo, unajibu marahaba. Umefunguka tena: habari za asubuhi. Nzuri. Za nyumbani? Salama. Watoto? Hawajambo. Za siku nyingi? Njema tu, twamshukuru Mungu. Mnaweza kwenda dakika tatu nzima na kuagana kwa heshima, sikio lako lisipokee hata silabi moja. Mzee mwenye nidhamu anaweza kuishi hivyo miaka, na mtaa ukaapa kwamba yule bwana anasikia kuliko vijana.

Mpaka siku ile. Kwetu hakuna anayeanza na msiba. Muulize mtu habari za nyumbani, hata kama nyumba imeungua jana, atakujibu kwanza "Salama," kisha atashusha sauti: "ila..." Kila kilicho muhimu kimewekwa baada ya hiyo ila, nayo husemwa chini chini, macho yakiangalia mchanga. Wewe "salama" umeidaka kwa sababu ulikuwa ukiingoja. Ila imepita. Nilikuwepo barazani mzee mmoja wa rika langu, muungwana kabisa, alipoambiwa, "Salama, ila mama tumemzika juzi." Akatabasamu meno yote nje: "Alhamdulillahi! Mfikishie salamu zangu." Yule kijana alibaki kasimama na kikombe cha kahawa mkononi, hajui akiweke wapi. Watu wakaanza kukohoa. Mzee akatugeukia sote, bado anatabasamu, anasubiri tuendelee na mazungumzo.

Kwa hiyo somo la kwanza: soma uso kabla hujajibu. Uso wa mtu aliyefiwa hausemi "nzuri," hata mdomo ukisema.

Somo la pili linahusu "eeh," "sawasawa" na "hakuna tabu," vijineno tunavyovitoa tukiwa hatujasikia kitu na hatutaki kusumbua. Hivyo ndivyo watu wanavyojikuta wadhamini wa mikopo ya kikoba. Hivyo ndivyo mgeni anavyokuja na begi la miezi sita na kusema, "Si ulikubali, babu?" Kuficha hakukuanza kwetu. Mwaka 1801 Beethoven, akiwa na miaka 30 tu, alimwandikia rafiki yake daktari kwamba masikio yanamlia usiku na mchana, na kwamba amejitenga na watu kwa kuwa hawezi kuwaambia kuwa hasikii. Yeye angalau alikuwa na kisingizio: kazi yake ilikuwa muziki. Kazi yako wewe ni kukaa barazani.

Utasema, lakini mimi huwa nauliza, nasema "Naam?" Ndilo kosa lenyewe. Ukisema "Naam?" mtu atarudia maneno yale yale kwa kelele, na kelele zinaongeza nguvu kwenye a, e, i, o, u, ambazo tayari ulizisikia. Zilizokupotea ni s, f, t na sh, nazo hazipigiwi kelele. Ndiyo maana saa sita na saa tisa ni saa moja kwa mtu wa rika letu. Ukisema "Naam?" mara ya pili, watoto wataingia kuona nani anagombana. Ya tatu utapata jibu ambalo kila mwenzetu analijua: "Basi, si kitu." Likatae hilo. Mwambie, hicho hicho kisicho kitu nakitaka. Na tangu mwanzo, badala ya "Naam?", rudisha kile ulichokipata: "Kikao ni Jumapili, eti saa ngapi, kabla ya adhuhuri au baada?" Hapo mtu anakupa kipande kilichopungua tu, bila kelele.

Pa kukaa. Barazani, mgongo wako uwe ukutani na sikio zima lielekee wenzio. Taa iwaangukie wao usoni, usikae wewe ukaangaziwa. Epuka kukaa mkabala na mla tambuu. Mdomo ule hausomeki. Umeme ukikatika usiku, nawe umekatika, hata kama hujui kwamba nusu ya kusikia kwako ilikuwa macho. Kisha duka la jirani litawasha jenereta, nenda kalale. Ukiwa nyumbani, mita ya LUKU italia kwamba uniti zinakwisha na utadhani ni sikio. Siku nyingine ni sikio, nawe utanunua umeme.

Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hertz 300 na 3,400, hivyo s na f nyingi zinabaki huko huko zilikotoka. Waambie wanao waandike meseji. Matapeli peke yao ndio walioelewa jambo hili mapema: wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" hawajawahi kukusumbua kwa mdomo.

Usiku usitafute kimya. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu wazima 80 wenye masikio mazima kwenye chumba kisichopitisha sauti, na asilimia 94 wakasema wanasikia milio. Yaani kimya kikitimia, kila mtu ana nyenje wake. Daktari Mfaransa Itard aliwashauri wagonjwa wake tangu 1821 wakae karibu na moto, na kwa mlio mwembamba wachome kuni mbichi, zile zinazofyonya. Wewe washa pangaboi, au redio kwa sauti ya chini. Mvua ya usiku juu ya bati ni bora kuliko vyote ila haina ratiba. Anayekuuzia kidonge cha kuufuta mlio anakuuzia kidonge. Kilichothibitika kusaidia zaidi ni mazungumzo na mtaalamu anayekufundisha kuacha kuuogopa. Mlio haupungui, unapungua usumbufu wake.

Mwisho wa yote, shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia. Kijisanduku kinachouzwa barabarani hukuza kila kitu, pikipiki na mwenye pikipiki kwa kiasi kimoja. Shimesikio la kweli hupimiwa sikio lako, na bei yake inaweza kumeza pensheni ya miezi, sitakuficha. Lakini jopo la jarida la Lancet, mwaka 2024, liliweka kutosikia miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa kupoteza akili uzeeni na yanayoweza kushughulikiwa. Kwa hiyo wanaonong'ona kwamba mzee ameanza kupotea, jibu zuri ni kulivaa. Siku ya kwanza utataka kulitupa: mifuko ya plastiki inapiga mayowe, sufuria ni vita, na utagundua unavyotafuna. Vumilia wiki kadhaa, ubongo uzoee. Siku ya Idi litapiga filimbi kila utakapokumbatiwa. Betri zake zinaanza kuisha dakika ile kibandiko kinapobanduliwa, hata zikikaa kabatini. Wajukuu wanavipenda vile vibandiko, vya chungwa hasa. Joto la pwani nalo si rafiki. Usiku lilaze shimesikio kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Na ukialikwa kikao cha harusi, livae shimesikio na bado usiliamini. Michango ikishasomwa, nenda kwa mweka hazina mwombe akuonyeshe daftari. Kama kwenye jina lako pameandikwa laki tisa, na wewe ulisema "sawasawa" ukidhani unaulizwa kama utakunywa chai, sema hapo hapo, mbele ya watu. Kadi zikishachapwa utalipa.