Mnara na Karasha

Nyarugusu, Geita, karasha halilali. Umeme ukikatika saa mbili usiku, jenereta linanguruma kabla mtu hajamaliza kutukana, na mawe yanaendelea kusagwa. Dizeli ipo, dhahabu haina subira.

Redio moja niipendayo, jina nalistiri, imejaaliwa subira. Umeme ukienda, taarifa ya habari nayo inakwenda. Kesho yake tunaombwa radhi kwa hitilafu “iliyo nje ya uwezo wetu”. Uwezo wenyewe madumu mawili ya dizeli.

Mawimbi ya FM husafiri kama jicho: kilima kikikaa mbele, basi. Yale ya masafa ya kati, yaliyotuletea Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) enzi zile, yalitambaa na ardhi, na usiku yakadunda angani hadi kwa babu yangu Shinyanga, aliyefunga waya mwembeni na kuanika betri juani. Ndiyo maana fundi mitambo wa FM wa leo, mwana wa watu, yuko kilimani kwenye mnara na bisibisi moja, simu ikiita: “Vipi, tumerudi hewani?”

Juzi usiku nikapekua masafa, nikanasa sauti safi, haina hata mkwaruzo. Ilikuwa Kirundi.